Jamaa za Goiânia na Woga Usiokwisha

Katikati ya nchi ya Brazili uko mji mkubwa uitwao Goiânia, mji mkuu wa jimbo la Goiás. Katika mwaka wa 1987 wenyeji wake walikaribia milioni moja. Hapakuwa na kiwanda cha atomu pale, wala hakuna bomu lililoanguka. Lakini mwaka ule jamaa chache za kimaskini zilipatwa na msiba wa atomu ndani ya nyumba zao wenyewe, mezani na vitandani, na msiba huo haujatoka bado katika maisha yao. Tumeona vema kuwasimulia wasomaji wetu habari hiyo, kwa maana kwetu pia wako wengi wanaopata chakula chao kwa kuokota na kuuza vyuma vikuukuu.

Jambo lilianza hivi. Palikuwa na nyumba ya waganga waliotibu kansa kwa mionzi. Mwisho wa mwaka wa 1985 walihamia mahali pengine, wakaacha mashini moja katika nyumba ya zamani, na wakuu waliohusika na mambo hayo hawakupashwa habari. Nyumba ikabomolewa nusu, ikabaki bila mlinzi. Ndani ya mashini ile, katikati ya risasi nzito na chuma, mlikuwamo unga wa sesiumu usiofika gramu 100.

Wengi wetu twalijua jina la urani kwa sababu ya Shinkolobwe katika Katanga, palipochimbwa madini yaliyopelekwa Marekani wakati wa vita kuu ya pili. Sesiumu ya namna hii haichimbwi. Yazaliwa wakati urani inapopasuliwa ndani ya tanuru za atomu. Mionzi yake haionekani wala haina harufu, na mtu hasikii kuungua papo hapo. Nguvu yake yapungua nusu tu kila miaka 30. Mganga akiielekeza mahali pa ugonjwa, yasaidia kuponya. Ikitoka chomboni, haichagui mtu.

Tarehe 13 Septemba 1987 wanaume wawili waliingia katika nyumba ile, wakang'oa kipande kizito cha mashini, wakakisukuma mpaka nyumbani kwa toroli, wakitumaini kuuza chuma. Siku ileile walianza kutapika. Walidhani ni chakula kibaya. Mmoja wao akavimba mkono. Mwenzake, baadaye, alikatwa mkono hospitalini. Lakini njaa ya fedha haingoji, wakaendelea kufungua chombo siku baada ya siku mpaka wakakitoboa, na tarehe 18 wakakiuza kwa mwenye duka la vyuma vikuukuu.

Usiku huyo mwenye duka aliona nuru ya buluu ikitoka katika chombo. Alishangaa sana. Alifikiri ni kitu cha thamani, labda hata kitu kisicho cha dunia hii, akakiingiza nyumbani. Siku zilizofuata ndugu, rafiki na majirani walikuja kutazama. Wengine walipewa chembe ndogo kama punje za mchele, wakaenda nazo kwao. Wengine walijipaka unga mwilini kama watu wajipambavyo kwa sikukuu. Na nani asingefanya vile? Mtu maskini akipata kitu kizuri huwaita jamaa zake. Sumu ile ilipita njia ileile ipitayo chumvi na moto wa jikoni baina ya majirani wema, na aliyekuwa mchoyo ndiye aliyekuwa salama. Jambo hilo latuuma zaidi kuliko mengine yote katika habari hii.

Ndugu ya mwenye duka alichukua kidogo nyumbani kwake. Tarehe 24 Septemba binti yake wa miaka 6 alichezea unga ule, kisha akala chakula kwa mikono yake hiyo.

Waganga waliowaona wagonjwa wa kwanza walidhani ni maradhi ya nchi za joto. Aliyetambua ni mke wa mwenye duka. Aliona kwamba watu wengi waliomzunguka wameugua wakati mmoja, naye akakumbuka kwamba wote walikuwa karibu na unga wa buluu. Tarehe 28 alikifuata kitu kile mahali kilipokuwa kimekwisha kuuzwa, akakitia katika mfuko pamoja na mfanyakazi mmoja, wakapanda busi, wakakifikisha kwa mganga wa ofisi ya afya ya mji. Alimwambia kwamba kitu hicho kinawaua watu wake. Kesho yake mtaalamu wa mionzi alileta chombo cha kupimia, na mara moja mambo yakajulikana. Siku 16 zilikuwa zimepita.

Hapo mji mzima ulitetemeka. Watu waliitwa katika kiwanja kikubwa cha michezo wapimwe, na wapata 112,000 wakapimwa. Waliokutwa na sesiumu mwilini au katika nguo walikuwa 249. Lakini sikilizeni neno hili: katika 60,000 wa kwanza, wapata 5,000 walikuja na ngozi iliyotoka vipele na kuwa nyekundu, au wakitapika na kuharisha, kama wagonjwa wa mionzi kweli, na hata mmoja wao hakukutwa na sesiumu. Woga peke yake ulifanya kazi hiyo katika miili yao.

Yule mama na yule mtoto walikufa siku moja, tarehe 23 Oktoba. Baada yao walikufa vijana wawili waliofanya kazi ya vyuma. Maiti zilitiwa katika majeneza mazito ya risasi, na makaburi yakatayarishwa kwa saruji. Lakini jeneza la mtoto lilipofika makaburini, umati mkubwa ulikuwa umefunga njia, ukatupa mawe na vipande vya matofali ili asizikwe pale. Wazazi wake walimzika mtoto wao katikati ya kelele hizo.

Tumejaribu kuwaelewa wale waliotupa mawe. Hawakuwa wauaji, wengi walikuwa baba na mama wa watoto, na nyumba zao zilikuwa karibu na makaburi. Waliambiwa kwamba risasi na saruji zazuia mionzi, na maneno hayo yalikuwa ya kweli. Lakini watu ambao hawakuambiwa neno lolote juu ya mashini iliyoachwa wazi karibu miaka 2, wataamini namna gani wakiambiwa kwamba sasa hakuna hatari? Hasira yao ilikuwa na haki. Iliangukia tu mahali pasipo haki, yaani juu ya jamaa zilizokwisha kuumizwa.

Ndivyo ilivyoendelea. Watu wapata 200 walitolewa katika nyumba zao, na nyumba 7 zikabomolewa. Nguo, vitanda, michezo ya watoto, picha za jamaa, vyote viliingizwa katika mapipa na masanduku. Wanyama wa nyumbani wakauawa. Udongo nao ulichukuliwa. Takataka hizo zote zilijaza mita za ujazo wapata 3,500, kutokana na unga usiojaza bakuli. Zilipelekwa Abadia de Goiás, karibu kilometa 20 kutoka mjini, zikafukiwa huko kwa saruji, na zitalindwa kwa miaka mamia.

Na watu? Katika majimbo mengine hoteli zilikataa wageni wa kutoka Goiânia. Rubani wengine hawakutaka kuwabeba katika ndege. Motokari zenye namba za Goiás zilipigwa mawe njiani, na mazao ya jimbo zima yalikosa wanunuzi, hata yale yaliyolimwa mbali sana na mji. Serikali ikaanza kutoa vyeti vya kuthibitisha kwamba mtu fulani hana sesiumu, na maelfu walivipokea. Basi msafiri aliweza kuonyesha karatasi yake. Lakini mtoto wa mtaa ule, aliyeulizwa na wenzake shuleni kama anang'aa usiku, aonyeshe karatasi gani?

Mwenye duka la vyuma alipona mionzi, lakini alikuwa amefiwa na mke wake na binti wa ndugu yake, naye alijua ni nani aliyeileta nuru ile nyumbani. Alijitia katika pombe, akafa mwaka wa 1994. Ndugu yake, baba wa yule mtoto, alikufa mwaka wa 2003, baada ya miaka mingi ya huzuni na ugonjwa wa mapafu.

Hatusemi kwamba walioponea waliachwa kabisa. Mwaka wa 1988 jimbo liliunda shirika la kuwatunza, likapewa jina la mtoto aliyekufa, na mwaka wa 1996 sheria ya nchi iliwapa wagonjwa malipo ya kila mwezi. Lakini fedha hizo ni kidogo, na nani azipate? Polisi waliolinda mitaa ile, na wafanyakazi waliobeba mapipa, nao walidai kwamba wameugua, wakapita miaka mingi mbele ya mahakama. Kansa haina jina la baba yake. Mtaalamu aweza kusema kwamba katika watu maelfu hatari imeongezeka kidogo. Hawezi kumtazama mtu mmoja na kumwambia, ugonjwa wako umetoka kwa sesiumu, au haukutoka. Kwa hiyo kila kikohozi na kila mimba ilileta hofu upya katika jamaa hizo. Wengine waliona heri kuficha kwamba ni watu wa mtaa ule, wasije wakakosa kazi au mchumba.

Kiwanja cha nyumba ambamo chombo kilifunguliwa mara ya kwanza, katika njia namba 57, kilifunikwa kwa saruji. Bei ya viwanja katika mji huo imepanda, na pande zote watu wamejenga. Pale palibaki patupu.