Usukani wa pikipiki kuukuu unapotikisika: Jinsi ya kutambua chanzo

USUKANI unaotikisika ni ila inayozipata pikipiki nyingi kubwa za safari ndefu zilizokula miaka, lakini ni kosa kuizoea. Mtikisiko unaozuiwa leo kwa mikono miwili huenda kesho ukamwangusha mwendeshaji pamoja na abiria wake.

Mfano unaofahamika ni Honda Gold Wing GL1500, iliyoundwa kuanzia 1988 hadi 2000. Pikipiki hiyo ya silinda sita ina uzani unaozidi kilo 350. Wamiliki wengi hugundua kwamba wanapopunguza mafuta na mwendo kushuka kutoka kilomita 70 hadi 50 hivi kwa saa, usukani huanza kuchezacheza wakiulegezea mikono.

Kwanza, ni sharti kutofautisha aina mbili za mtikisiko. Usukani ukitetemeka upesi, mara kadhaa kwa sekunde, huku mwendo ukipungua, aghalabu chanzo ni sehemu ya mbele. Pikipiki nzima ikiyumba polepole ikiwa katika mwendo wa kasi, ukaguzi uelekezwe pia nyuma: tairi, shokomzoba, beringi za mkono unaoshika gurudumu, na mzigo. Sanduku zito lililofungwa nyuma ya ekseli hulipunguzia gurudumu la mbele uzito.

Tairi

Upepo upimwe tairi ikiwa baridi. Kisha kiganja kipitishwe juu ya tairi mbele na nyuma. Kikihisi meno yanayopanda na kushuka, tairi imelika vibaya na dawa yake ni kubadilishwa. Umri nao husomwa ubavuni: tarakimu 2319 zina maana kwamba tairi iliundwa wiki ya 23 ya mwaka wa 2019.

Gurudumu

Pikipiki iinuliwe kwa jeki, ishikiliwe imara, na gurudumu la mbele lizungushwe. Rimu ikienda upande, imepinda. Gurudumu likishikwa juu na chini na kusukumwa, likicheza kwenye ekseli, beringi zake zimechakaa.

Shingo ya usukani

Gurudumu likiwa bado hewani, miguu ya shokomzoba za mbele ivutwe na kusukumwa. Mgongano ukisikika shingoni, beringi zimelegea. Mchezo ukiwa ndani ya miguu yenyewe, bushi ndizo zilizolika. Halafu usukani ugeuzwe taratibu kushoto na kulia. Ukinasa katikati, gololi zimechimba vishimo kwenye vikombe vyake, na hapo kukaza nati hakutoshi. Beringi zote mbili, ya juu na ya chini, zibadilishwe pamoja na vikombe.

Kukaza nati kupita kiasi huweza kuuficha mtikisiko kwa muda, lakini usukani huwa mzito na pikipiki huyumba kama mlevi katika mwendo wa polepole.

Fundi atengeneze jambo moja kwa wakati, kisha pikipiki ijaribiwe mahali pasipo na magari, mikono yote ikiwa kwenye usukani. Akibadilisha vitu vitatu kwa pamoja, hatajua kipi kilikuwa na kasoro.

Mtikisiko ukizuka barabarani, mwendeshaji asifunge breki ya mbele ghafla wala kukakamaza mikono. Aushike usukani kwa uthabiti, apunguze mafuta polepole, asogeze uzito wa mwili mbele, kisha asimame kando ya barabara na asiendelee na safari kabla ya kukagua.