Diego Forlán

Diego Martín Forlán Corazzo (amezaliwa Montevideo, 19 Mei 1979) ni mwanasoka mstaafu wa Uruguay aliyecheza nafasi ya mshambuliaji. Baba yake, Pablo Forlán, alicheza Kombe la Dunia mwaka 1966 na 1974.

Klabu
Alianza soka ya kulipwa Independiente ya Argentina, akahamia Manchester United mwaka 2002 na kutwaa Ligi Kuu ya Uingereza msimu wa 2002–03. Nchini Hispania alikuwa mfungaji bora wa La Liga mara mbili: akiwa Villarreal (2004–05, mabao 25) na Atlético Madrid (2008–09, mabao 32). Katika fainali ya Ligi ya Europa ya 2010 alifunga mabao yote mawili Atlético ilipoifunga Fulham 2–1.

Timu ya taifa
Aliichezea Uruguay mechi 112 na kufunga mabao 36. Kwenye Kombe la Dunia la 2010 nchini Afrika Kusini alifunga mabao 5, likiwemo la mpira wa adhabu dhidi ya Ghana katika robo fainali. Uruguay ilishika nafasi ya nne, naye akatunukiwa Mpira wa Dhahabu wa mchezaji bora. Mwaka 2011 alitwaa Copa América, akifunga mara mbili katika fainali dhidi ya Paraguay. Alistaafu kabisa kucheza soka mwaka 2019.