Fanfare za vijana Masisi na Walikale: pesa inatafutwa wapi, na demande inaandikwa namna gani?

Wakaaji wa Masisi na Walikale wanaijua fanfare. Njo inatangulia watu siku ya Pasaka, tarehe 30 Juni, siku ya kupokea askofu ao mchungaji mgeni, na siku ya kumsindikiza marehemu. Watu wanapiga makofi, halafu kila mtu anarudi kwake. Swali linabaki kwa vijana wenyewe: ngozi ya ngoma ikipasuka, nani atalipa?

Swali hili limekuwa zito zaidi. Mwisho wa Januari 2025 benki za Goma zilifunga milango. Mwaka huohuo, tarehe 1 Julai, shirika la misaada la Marekani, USAID, lilifunga kazi yake, na miradi mingi iliyotegemea pesa ile ikasimama. Katika vijiji, familia nyingi zimekimbia mara mbili ao tatu. Kwa kijana asiye na masomo wala shamba, milango miwili inabaki wazi kila siku: machimbo na silaha. Kikundi kinachokutana mara tatu kwa wiki kurudia muziki ni mlango wa tatu. Juu ya kuufungua ule mlango, hakuna mfadhili anayelipa muziki peke yake. Analipa kikundi kilichopangwa vizuri, na mabadiliko yanayoonekana katika jamii.

Fanfare ilitoka wapi?

Katika Congo fanfare ilikua pamoja na misioni, jeshi la wakoloni na masomo. Jeshi la Wokovu, kanisa linalojulikana dunia nzima kwa tarumbeta zake, lilianza kazi Congo mwaka wa 1934. Kanisa la Kimbanguiste nalo liko na fanfare yake, FAKI, inayopatikana kila pahali waumini wake wapo. Maparokia, makanisa ya Kiprotestanti na maskuti walifuata.

Mfano mmoja wa Kinshasa unafaa kukumbukwa. Orchestre Symphonique Kimbanguiste ilianzishwa na Armand Diangienda mwaka wa 1994. Violini zilikuwa chache kuliko wapigaji. Walikuwa wanapokezana chombo kimoja, na waya wa breki ya kinga ulitumika pahali pa uzi uliokatika. Wageni na wasaidizi walikuja nyuma, walipokuta watu wanapiga tayari. Kikundi kinachongoja vyombo ndipo kianze, kinaweza kungoja sana.

Pesa ya karibu kwanza

Makomite mengi yanawaza Ulaya mbele ya kuwaza kijiji. Lakini mfadhili wa mbali atauliza: ninyi wenyewe mumetoa nini? Jibu linatengenezwa na mambo madogo: mchango wa kila mwezi wa memba, malipo ya kupiga kwa ndoa na sherehe, chumba cha parokia ao cha masomo kinachotolewa bure. Kikundi kinaweza pia kuwa na AVEC yake, sanduku la akiba kama lile ambalo wamama wa vijiji vingi vya Kivu wanalo. Kila franga iandikwe katika daftari, hata kama ni 500.

Nyuma ya hapo kuna utawala wa mahali. Masisi iko na chefferie mbili, Bahunde na Bashali, na sekta mbili, Katoyi na Osso-Banyungu. Walikale iko na sekta za Bakano na Wanianga. Sheria ya tarehe 7 Oktoba 2008 inazipa chefferie na sekta bajeti yao na kazi ya maendeleo ya mahali. Utamaduni na vijana wanaweza kuingia mule, lakini mtu asiyeandika barua wakati bajeti inatayarishwa hawezi kushangaa kuona jina la kikundi halipo.

Walikale iko na njia nyingine, ya madini. Sheria ya madini iliyorekebishwa tarehe 9 Machi 2018 inagawanya redevance hivi: asilimia 50 kwa serkali kuu, 25 kwa jimbo, 15 kwa sekta ao chefferie pahali madini yanatoka, na 10 kwa mfuko wa vizazi vinavyokuja. Tena, kompanyi inayochimba inapaswa kutoa kila mwaka angalau asilimia 0,3 ya mauzo yake kwa miradi ya jamii, na pesa ile inasimamiwa pamoja na wajumbe wa jamii. Bisie, mgodi wa bati wa kompanyi ya Alphamin, uko katika Walikale. Fanfare haiwezi kushindana na dispanseri ao barabara. Inaweza lakini kuingia ndani ya mradi wa masomo: shule ikijengwa, kwa nini isiwe na ngoma sita na mwalimu wa muziki? Hoja hiyo ipelekwe kwa wajumbe wa jamii mbele miradi haijachaguliwa. Pahali vita imevunja kazi za ofisi, kama sehemu nyingi za Masisi, njia hii ni ngumu, na kikundi kisijenge matumaini yote juu yake.

Wafadhili wa mbali

Kila mfadhili iko na lugha yake, na kikundi kinapaswa kuijua mbele ya kuandika.

Fonds canadien d'initiatives locales, unaosimamiwa na ubalozi wa Canada, unasaidia miradi midogo ya mashirika ya mahali. Unaangalia amani, haki na usawa wa wasichana na wavulana kuliko sanaa yenyewe. PISCCA ya ubalozi wa Ufaransa inasaidia mashirika ya kiraia, lakini kiasi chake kinapita nguvu ya kikundi kidogo. Hapo ni heri kuingia nyuma ya shirika kubwa lenye mazoea. Africalia ya Ubelgiji inafanya kazi na mashirika ya utamaduni ya Afrika.

Music Fund, pia ya Ubelgiji, ilianza mwaka wa 2005. Inakusanya vyombo vilivyotumika, inavitengeneza, na inafundisha mafundi wa kuvitengeneza; imefanya hivyo Kinshasa. Kwa kikundi cha mbali, fundi mmoja aliyefundishwa anaweza kuwa na faida kuliko tarumbeta kumi. Anayepokea vyombo kutoka inje aulize mapema juu ya douane: zawadi pia inaweza kulipishwa kama exonération haikuombwa.

Watoto wa Kivu wanaoishi inje ni mlango mwingine. Wao hawaombi formulaire. Wanaomba picha, daftari la pesa na ukweli.

Mapapier

Sheria ya tarehe 20 Julai 2001 njo inasimamia mashirika yasiyotafuta faida. Personnalité juridique inatolewa na Waziri wa Sheria, na safari yake ni ndefu. Kikundi kipya kinaweza kuanza na haya: sheria za ndani zilizotiwa sahihi na memba, mukanda wa kikao kilichochagua komite, orodha ya vijana na umri wao, barua ya kujulikana toka kwa chefferie ao sekta, na orodha ya vyombo. Kama hayo tu hayatoshi, parokia, masomo ao shirika lenye mapapier kamili linaweza kubeba mradi. Hapo iandikwe mbele ya kupokea pesa: vyombo ni mali ya nani? Magomvi mengi yanazaliwa pale.

Kuandika demande

Formulaire nyingi ni kwa Kifaransa. Njia nzuri ni komite ijibu kwanza kwa Kiswahili, wote wakielewana, halafu mwalimu aweke kwa Kifaransa. Maswali ni yaleyale karibu kila pahali: shida ni gani, ni ya nani, kikundi kitafanya nini, kwa muda gani, kwa bei gani, na mtu ataona namna gani kwamba imefaa?

Demande dhaifu inasema: «Tunaomba vyombo juu vijana wetu wanateseka na wanapenda muziki.» Maneno ni ya kweli, lakini hayamwonyeshi mfadhili kitu.

Demande yenye nguvu inasema, kwa mfano: «Vijana 24, wasichana 10 na wavulana 14, wa miaka 13 hadi 20, kutoka vijiji vitatu na kutoka familia zilizokimbia, watakutana mara tatu kwa wiki kwa miezi tisa. Wanane kati yao hawasomi. Walimu wawili wa muziki watawafundisha. Kila mwezi kikundi kitapiga sokoni, na wazee wa jamii zote watapewa neno. Mwisho wa mradi, angalau 18 watakuwa bado ndani, na wanne watajua kufundisha wengine.» Hapo kuna hesabu ambayo mfadhili anaweza kufuata.

Kwa Masisi, pahali Wahunde, Wahutu, Watutsi, Watembo na wengine wameishi pamoja na pia wameumizana, mfadhili wa amani ataangalia nani amekaa katika komite. Fanfare ya jamii moja inayojiita ya amani inajulikana haraka. Demande inaweza kutaja azimio 2250 la Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa, la tarehe 9 Desemba 2015, linalosema vijana wawe na nafasi katika kazi ya amani. Sentensi moja inatosha.

Bajeti isiyodanganya

Kosa la kawaida ni kuandika bei ya tarumbeta na kusahau mafuta ya pistoni. Bajeti kamili iko na vyombo, ngozi za akiba, mafuta, masanduku ya kubebea, malipo ya walimu, usafiri, kufuli ya depo, na pesa ya kutengeneza. Usafiri usipunguzwe: barabara ya Sake kwenda Masisi, ao RN3 inayotoka Bukavu kupitia Hombo hadi Walikale, inaweza kugeuza bei yote wakati wa mvua. Katika pori la Walikale unyevu unaharibu haraka mapedi ya klarineti. Ngoma na vyombo vya shaba vinavumilia zaidi.

Kwa kila kitu kikubwa, facture proforma tatu. Kazi ya kujitolea na chumba cha bure pia viandikwe, juu ni mchango wa kikundi.

Swali la namna pesa itafika liulizwe mapema. Kama benki haiko, mfadhili anaweza kukubali mobile money, lakini si wote. Namba isiwe ya président peke yake, na watu wawili watie sahihi kila inapotolewa.

Usalama wa watoto

Vijana wenye uniforme wanaotembea kwa mstari na ngoma wanaweza kudhaniwa kuwa kitu kingine pahali kuna askari. Rangi ya nguo isifanane na ya jeshi wala ya kikundi chochote chenye silaha. Njia ya maandamano ijulishwe kwa chifu na kwa wakubwa wa usalama. Wazazi watie sahihi, na majina ao sura za watoto waliotoka katika vikundi vya silaha zisitumwe kwa mfadhili wala zisiwekwe mtandaoni. Hakuna pesa inayolipa hatari hiyo.

Wakati jibu ni hapana

Hapana njo jibu linalokuja mara nyingi. Komite inaweza kuandika kwa heshima kuuliza sababu, kurekebisha, na kurudi wakati mwingine. Anayeomba «frais de dossier» ili pesa itoke, ao anayeahidi asilimia fulani, ni mwizi: mfadhili wa kweli haombi kulipwa.

Na jibu likiwa ndiyo, rapoti ianze siku ya kwanza: facture, picha, orodha ya waliofika. Mradi wa dola 1.000 uliotolewa hesabu vizuri unafungua mlango wa 5.000. Mradi wa 5.000 bila facture unafunga mlango, na si wa kikundi kimoja tu, ni wa vijana wa territoire nzima.