Ukungu wa Taita: Namna ya kuchora milima, miti na maji

Bura, iliyo chini ya Milima ya Taita katika Kaunti ya Taita Taveta, ni mahali pafaapo kwa anayejifunza kuchora mandhari. Upande mmoja ipo nyika kavu. Upande wa pili milima inapanda hadi kilele cha Vuria, mita 2,208 juu ya usawa wa bahari. Pepo zenye unyevu kutoka Bahari ya Hindi hupanda milima hiyo, zikapoa na kuzaa ukungu.

Ukungu ndio somo la kwanza. Kadiri kitu kilivyo mbali ndivyo hewa inavyokififisha: rangi hupauka na kuelekea samawati, kingo zikapotea. Leonardo da Vinci (1452–1519) alilieleza jambo hili katika maandishi yake. Aghalabu wanaoanza hupaka kila mti kijani kilekile, na picha ikakosa kina.

Anayetumia rangi za maji hutangulia na kilicho mbali. Karatasi hulowanishwa, kisha anga na milima hupakwa rangi nyepesi ili kingo zienee zenyewe. Ikishakauka, huongezwa miti ya kati. Mwisho mti wa karibu, kwa rangi nzito na brashi isiyo na maji mengi. Rangi nyeupe haihitajiki: ukungu ni karatasi iliyoachwa wazi.

Katika maji yaliyotulia, taswira ya mti huonekana wima chini yake, tofauti na kivuli, ambacho hufuata jua. Taswira ya kitu cheusi hufifia kidogo. Ya kitu cheupe hukolea.

Hali kadhalika, mchoraji hana budi kuelewa kwamba vitu hivi vinategemeana. Miti ya Taita hunasa matone ya ukungu, yakadondoka ardhini na kulisha vijito vya mabondeni. Hata hivyo, sehemu kubwa ya msitu wa asili ilifyekwa kupisha mashamba, na kwingine ikapandwa misonobari na mikaratusi. Ngangao, mojawapo ya masalia hayo, una takriban hekta 120 tu.

Kwa hiyo mchoraji makini hutofautisha msonobari uliochongoka na mti wa asili wenye kichwa kipana, na nyuma ya picha huandika mahali na tarehe. Miti hiyo ikitoweka, picha itabaki kuwa ushahidi wa pale iliposimama.