UZI: Je, joto la dunia ni hadithi ya wafadhili?

1/ Kila msimu wa siasa kuna mtu hupanda jukwaani akasema haya mambo ya joto la dunia yalitungwa juzi na wafadhili, ili tusijenge viwanda. Watu wanapiga makofi. Hebu tuangalie tarehe.

2/ Mwaka 1824, Mfaransa Joseph Fourier aliandika kuhusu swali hili: joto la jua likifika ardhini linarudi angani, sasa mbona hatugandi? Akaona hewa inalichelewesha njiani, kama blanketi. Bila blanketi hiyo, wastani wa joto duniani ungekuwa nyuzi 18 hivi chini ya sifuri. Tuko karibu 15 juu.

3/ Marekani, 1856: Eunice Foote alianika juani mitungi ya kioo yenye hewa tofauti. Ule wa hewa ukaa ulipata joto kuliko yote, na ukachelewa sana kupoa. 1859, London: John Tyndall akaanza kupima. Oksijeni na naitrojeni, ambazo ni karibu hewa yote, zinaachilia joto lipite. Mvuke na hewa ukaa, ingawa ni kidogo tu, ndizo zinalishika.

4/ 1896, mwaka ule reli ilianza kujengwa kutoka Mombasa, Mswidi Svante Arrhenius alipiga hesabu kwa mkono: hewa ukaa ikiongezeka maradufu, joto litapanda nyuzi 5 au 6. Makadirio ya leo ni kama 3. Na hakuwa anatisha mtu. Kwao ni baridi. Aliona joto zaidi litawafaa!

5/ 1958, Charles Keeling alianza kupima hewa juu ya mlima Mauna Loa, Hawaii. Hewa ukaa ilikuwa sehemu 315 hivi kwa kila milioni. Leo imepita 420. Blanketi inazidi kuwa nzito.

6/ Kwa hivyo wadau, tutenganishe mambo mawili. Kwamba hewa ukaa inashika joto, hilo lilijulikana kabla hata nchi inayoitwa Kenya haijakuwepo. Lakini nani aliichoma kwa wingi, nani alipe ukame na mafuriko, na sisi tujenge viwanda kwa nishati gani, hapo kuna siasa halali. Tubishane mpaka asubuhi.

7/ Mwanasiasa akisema "ni uongo wa juzi", muulize: unapinga sera, ama unapinga kipimajoto? Kama ni sera, aeleze yake. Tunasikiliza.