Mcheza Kwao Hutunzwa: Riziki ya Mwimbaji tangu Santuri hadi Intaneti

Mwezi wa Mfunguo Mosi uliopita mpwa wangu alinijia baada ya sala ya alasiri. Aliniamkia, akaketi, akanyamaza kitambo kama afanyavyo mtu mwenye neno zito. Hatimaye akasema: "Mjomba, nataka kuacha kazi ya hoteli. Nataka niishi kwa udi wangu na sauti yangu." Akanieleza kwamba nyimbo zake tatu amekwisha kuziweka kwenye intaneti, na kwamba watu wa Muscat, London na Toronto wamezisikiliza. Nikamwuliza amepata nini. Akacheka: "Salamu nyingi, mjomba."

Siku ile sikumjibu. Mimi ni mtu wa tungo, si mpigaji wa ala, na hata hizo tungo nimejifunza kwa kusikiliza wakubwa na kwa vitabu vya kuazima. Nilimwomba anipe muda, nikarejea kwa waliotutangulia, ili nijue waimbaji wa visiwa hivi waliishi kwa nini kabla ya kumwambia yeye ataishi kwa nini. Makala haya ndiyo jibu langu.

Waswahili tuna methali isemayo: mcheza kwao hutunzwa. Twaitaja kila siku bila ya kulitafakari neno hilo la mwisho, ilhali ndani yake umehifadhiwa uchumi mzima wa taarabu. Msomaji aliyekaa ukumbini anajua jinsi kutunza kunavyokwenda. Beti inaimbwa, mwanamke mmoja anainuka, anacheza polepole mpaka mbele, anamtilia mwimbaji noti mkononi, kisha anarudi kwenye kiti chake. Fedha ile si bei ya wimbo, kwani wimbo umekwisha kusikika na wote, aliyetoa na asiyetoa. Anachokilipia mtoaji ni kwamba beti imelisema jambo lake, lile ambalo mwenyewe hakuweza kulisema, na anataka wote waliopo wajue kwamba limesemwa. Kwa hivyo kutunza kunahitaji mambo matatu: mwimbaji awepo, mtoaji awepo, na watu wa kushuhudia wawepo. Historia yote nitakayoieleza hapa ni historia ya mambo hayo matatu kutenganishwa.

Mwanzoni taarabu ilikula kwenye sahani moja tu, sahani ya kasri. Inasimuliwa kwamba Sayyid Barghash bin Said, aliyetawala Zanzibar tangu 1870 hadi 1888, aliwaleta wapigaji kutoka Misri, kisha akampeleka kijana wa hapa, Mohammed Ibrahim, akajifunze huko. Mwanamuziki wa namna hiyo alikuwa na mlezi mmoja. Mlezi akiridhika, riziki ipo. Mwaka 1905 wakatokea watu wa mjini wakaunda Nadi Ikhwan Safaa, chama cha ndugu wapendao ala na mashairi. Taarabu ikatoka kasri, ikaingia katika jumuiya ya watu wanaochangiana.

Kisha akaja Siti binti Saad. Alizaliwa Fumba, kusini mwa Unguja, kiasi cha mwaka 1880, na jina alilopewa lilikuwa Mtumwa. Alikuwa mfinyanzi na muuza vyungu, mtoto wa watu wasio na kitu. Alipoingia mjini mnamo 1911 hakuwa na rasilimali ila koo lake. Taarabu iliyokuwa ikiimbwa kwa Kiarabu aliiimba kwa Kiswahili, kwa hivyo aliyekuwa akiridhika na mlio tu sasa alielewa na neno. Alialikwa katika majumba ya wenye mali, naye hakuacha kuwaimbia watu wa Ng'ambo. Shaaban Robert aliona maisha hayo yanastahiki kitabu, akamwandikia wasifu.

Mwaka 1928 Siti na wenzake walipanda meli kwenda Bombay kurikodi nyimbo zao kwa kampuni ya His Master's Voice. Twaisimulia safari hiyo kwa fahari, na ni haki yetu, lakini mwenye kufikiri aitazame pia kwa upande wa pili. Kwa mara ya kwanza sauti ya mwimbaji wa Unguja iliweza kusafiri bila ya mwili wake. Mtu wa Lamu au wa Dar es Salaam aliweza kumsikia Siti sebuleni kwake usiku wa manane, akalia, akatabasamu, na Siti asijue. Aliyetaka kumtunza hakuwa na mkono wa kumtilia. Fedha aliitoa, lakini aliitoa dukani, akampa muuza santuri. Siku hiyo ndipo sauti ilipoachana na mkono unaotunza, na hadi leo havijakutana vizuri.

Santuri hata hivyo haikuwa hasara tupu. Ilimjengea Siti jina, na jina likawaleta watu mlangoni pake. Mgeni aliyefika Unguja alitaka kumwona yule aliyemsikia kwenye gramafoni. Mashine ilitangaza, baraza ikalisha. Nimwombe msomaji aikumbuke kanuni hiyo, kwa sababu nimeikuta tena na tena katika kila kizazi kilichofuata.

Baada ya Siti vyama viliendelea, na humo ndimo kulimo jambo ambalo vijana wetu hawaambiwi. Wapigaji wengi wa vyama vya taarabu hawakuishi kwa taarabu. Mchana walikuwa makarani, mafundi, walimu, wafanyakazi wa bandarini. Usiku walikuwa wapiga fidla na qanuni. Chama kilinunua ala, kilishona sare, kilizika wanachama wake. Mshahara hakikutoa. Na watunzi walikuwa hivyo hivyo. Marehemu Haji Gora Haji, mzaliwa wa Tumbatu mwaka 1933, aliyefariki 2021, tungo zake ziliimbwa na Culture Musical Club, na diwani yake *Kimbunga* ilitoka 1994. Mtu huyo alikuwa mvuvi, baharia na mchukuzi wa karafuu. Tungo zilimpa heshima. Chakula kilitoka baharini na mgongoni pake.

Ukafika wakati wa kaseti. Mashine ya kunakili ilikuwa ndogo, rahisi, na kila mtaa ulikuwa nayo. Kanda iliyorikodiwa harusini Ijumaa iliuzwa mjini Jumatatu, na Ijumaa ya pili ilikuwa imekwisha kufika Mombasa na Maskati. Mwimbaji alisikika pote, akalipwa mahali pamoja tu: pale harusini alipoitwa. Mwaka 1988 wakaja warikodi kutoka London, wakazitoa taarabu za Ikhwan Safaa na Culture kwa wasikilizaji wa Ulaya. Na tangu 2005 nyumba moja ya Paris imekuwa ikitoa mfululizo uitwao *Zanzibara*. Milango ya matamasha ya nje ikafunguka. Bi Kidude, Fatuma binti Baraka, ndiye mfano mkubwa. Albamu yake ilitoka 1998 akiwa bibi wa umri, na mwaka 2005 alitunukiwa tuzo ya WOMEX. Alipofariki Aprili 2013 alizikwa na umma mkubwa na viongozi wa nchi. Dunia nzima ilimjua, na hakuna aliyesema kwamba alikufa tajiri. Kilichomlisha kilikuwa kile kile kilichomlisha Siti: kuitwa, kwenda, kuwepo, kuimba.

Ndipo tukafika kwenye intaneti, ambayo mpwa wangu anaiona kuwa ni mlango mpya na mimi naiona kuwa ni santuri iliyokosa uzito. YouTube ilianza 2005. Spotify, iliyoanza kwa Wazungu 2008, ilifunguliwa Tanzania, Kenya na Uganda mwaka 2021. Mpangilio wa malipo yake unafaa kuelezwa kwa Kiswahili kilicho wazi. Wasikilizaji hulipa ada ya mwezi. Ada zote pamoja na fedha za matangazo hutiwa katika mtungi mmoja. Mwenye jukwaa huchota fungu lake. Kinachobaki hugawanywa kwa kutazama nyimbo za nani zimesikilizwa mara ngapi katika jumla ya usikilizaji wote. Kwa hivyo mzee wa Mombasa asiyesikiliza ila taarabu, sehemu kubwa ya ada yake huwaendea waimbaji ambao hata majina yao hajapata kuyasikia. Na tangu 2024 Spotify imeweka sharti kwamba wimbo usiofikisha mara 1,000 katika miezi 12 haulipwi kitu. YouTube nayo tangu 2018 humtaka mwenye kutafuta mgao wa matangazo awe na wafuasi 1,000 na saa 4,000 za kutazamwa katika mwaka. Kwa nyota wa Lagos au Dar es Salaam vizingiti hivyo ni vya kurukwa kwa mguu mmoja. Kwa binti wa Unguja anayeimba tungo za vina na mizani akiwa na udi peke yake, ni ukuta.

Mwaka 2008 mwandishi wa Marekani, Kevin Kelly, alitoa hoja iliyopendwa sana na wasanii wanaojitegemea: kwamba msanii hahitaji mamilioni ya watu, bali wapenzi wa kweli 1,000, kila mmoja akimpa dola 100 kwa mwaka. Nilipoisoma nilitabasamu, kwa kuwa huko ni kutunza kule kule kulikovaa suti. Lakini ndani yake mna kweli. Hesabu yetu tuifanye kwa shilingi. Wakipatikana wapenzi 300 tu, na kila mmoja akatoa shilingi 2,000 kwa mwezi kwa njia ya simu, hizo ni shilingi 600,000. Si utajiri, ila ni riziki ya kuanzia, na haina muuza santuri katikati. Pesa ya simu, iliyoanza Kenya mwaka 2007 na Tanzania mwaka uliofuata, imerudisha sehemu ya mkono ule uliopotea Bombay. Mtu wa Toronto sasa anaweza kutunza. Kinachokosekana ni kile cha tatu, yaani watu wa kushuhudia, na bila ya mashahidi wengi husahau kutoa.

Lipo na jambo jingine, nalo linanigusa mwenyewe. Miaka mingi iliyopita niliwapa watu wa kikundi kimoja utungo wangu. Waliutia muziki, ukapendwa, ukaimbwa maharusini. Mwaka juzi kijana wa jirani alinionyesha wimbo huo kwenye simu yake. Umesikilizwa mara elfu nyingi. Jina la kikundi lipo, jina la mwimbaji lipo, jina la aliyeuweka huko lipo kwa herufi kubwa. Mahali pa mtunzi pameandikwa: wa jadi. Mimi ningali hai, na nimefanywa jadi! Nilipouliza niliambiwa kwa upole kwamba shairi likishaimbwa ni la watu. Sikutaka ugomvi. Lakini usiku ule sikulala vizuri, na sababu haikuwa fedha.

Wapenzi wa ushairi mnaosoma kurasa hizi mtanifahamu. Katika taarabu neno ndilo linalomwinua mwanamke kitini, na mwenye neno ndiye wa kwanza kusahauliwa. Sheria zipo: Tanzania Bara ilitunga yake ya hakimiliki mwaka 1999, na Zanzibar yake mwaka 2003, kila upande ukiwa na ofisi yake. Sheria hizo zinatambua haki ya aliyetunga kuwa mbali na haki ya aliyerikodi, na majukwaa ya intaneti nayo yana nafasi maalumu ya kuandika jina la mtunzi. Nafasi ile ikiachwa tupu, au ikijazwa uongo, fungu la mtunzi halina pa kwenda. Santuri ilikuwa na karatasi ndogo ya duara isiyotosha majina yote. Intaneti ina nafasi ya majina yote ya Unguja na Pemba. Yakikosekana, basi ni sisi hatukuyaandika.

Wiki mbili baadaye nilimwita mpwa wangu. Nilimwambia kwamba historia haimkatazi, ila inampa masharti. Asiitegemee mashine imlishe, kwa sababu haikumlisha Siti wala Bi Kidude, aitumie imtangaze. Asidharau harusi, wala baraza, wala tamasha la Sauti za Busara linalofanyika hapa tangu 2004, kwani huko ndiko kuliko na mkono. Wale wa Muscat na Toronto asiwahesabu kama tarakimu. Ajue majina yao, awaimbie kwa majina, awaonyeshe wengine nani ametunza, ili ule ushahidi wa ukumbini urudi. Kazi ya hoteli asiiache mwaka huu. Waliopiga fidla usiku na kuandika madaftari mchana hawakuwa wanamuziki pungufu.

Alinisikiliza akiwa ameinamisha kichwa. "Na wewe je, mjomba," akasema, "ule wimbo wako?"

Nikamwambia atoe kwanza daftari lake. Tukaketi mpaka magharibi tukiandika, wimbo baada ya wimbo: nani katunga maneno, nani katia muziki, nani kapiga dufu, nani kaitikia. Wimbo wa tatu aliuchukua kwa bibi mmoja wa Makunduchi, naye hakuwa amemwandika popote. Kesho yake alipanda daladala kwenda kumwuliza bibi huyo jina lake kamili.