Risasi za Mzinga kwenye Mizani ya Shimanzi

Nanunua vyuma chakavu hapa Shimanzi, Mombasa. Mikokoteni huniletea rimu za lori, mabomba, springi za magodoro na gololi za kusagia saruji. Gololi hizo huniweka macho, maana risasi ya mzinga ikitoka udongoni hufanana nazo sana. Naisugua kwa brashi ya waya nikitafuta mshono. Risasi ya zamani ilimiminwa katika kalibu ya vipande viwili, kwa hiyo huzungukwa na ufito mwembamba, na pale chuma kilipoingilia pana kovu. Kisha naipima. Ile ya ratili 12 za Kiingereza ina upana wa sentimita 11 hivi na uzito wa kilo tano na nusu kasoro kidogo, labda kutu iwe imeila.

Ikishajulikana kuwa ni ya mzinga, ni ya nani? Mwaka 1828 Sayyid Said, sultani wa Omani, alikuja Mvita, yaani Mombasa, na manowari Liverpool, yenye mizinga 74, kuwang'oa Wamazrui waliotawala mji. Akaweka askari katika Ngome ya Yesu, lakini alipoondoka wenye mji wakawazingira hadi njaa ikawatoa. Alirudi mara kadhaa, na hakuushika mji sawasawa mpaka 1837, Wamazrui walipokuwa wamegawanyika wenyewe. Vita hivyo vilikuwa vya watu wa dini moja, waliooleana, na Muyaka bin Haji alivitungia mashairi akiwa upande wa Mvita. Kisha Januari 1875 Akida Muhammad bin Abdallah akamuasi Sayyid Barghash, sultani wa Zanzibar, na kujifungia ngomeni. Manowari mbili za Kiingereza, Rifleman na Nassau, zikaipiga ngome mpaka akasalimu amri.

Kwa hivyo risasi iliyochimbuliwa chini ya ukuta wa ngome wa upande wa baharini na iliyochimbuliwa upande wa mji huenda zikawa za vita mbalimbali, hata zikilingana uzito. Kijana mmoja aliniletea moja ikiwa bado na udongo mwekundu.

"Mwanangu, umeitoa wapi hii?"

"Mzee, kwenye shimo la choo Mji wa Kale."

"Nyumba gani? Kina gani?"

Hakujua, alikuwa ameinunua kwa mwingine. Hilo huniuma kuliko kutu. Wako wakusanyaji wanaolipa vizuri kwa chuma cha vita na hawaulizi shimo, ilhali sheria ya Kenya ya 2006 inamtaka avumbuaye kitu cha kale aiarifu Makumbusho ya Taifa.

Risasi yenye tundu siigusi kwa nyundo kabisa. Hiyo ni kombora, ndani ni wazi, na baruti yaweza kuwa imo bado. Hapo huitwa polisi. Iliyotoka baharini nayo isianikwe juani: chumvi iliyoingia ndani huipasua ikatoka maganda. Naiacha kwenye ndoo ya maji, na kando ya ndoo kibao chenye jina la mtaa, upande wa nyumba, na kina kwa pima.